Uzi: Mikstepu ya dancehall na dub ya mkongwe wa redio, na zile sekunde nne za kimya

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuchelewesha wiki nzima, nilitaka kwanza nisikilize vizuri nisije nikaleta porojo.

Nimepata mikstepu ya dakika 90, dancehall na dub, matawi mawili ya rege ya Jamaika, imechanganywa na mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi redioni. Jina simtaji. Tukianza na jina humu ndani tunaishia kwenye vita ya mashabiki, na muziki tunausahau. Hizo dakika 90 si bahati mbaya: ni kipimo cha kanda, 45 upande huu na 45 upande ule, na pale katikati kaacha makusudi ule mlio wa kanda ikitolewa na kugeuzwa. Ukisikia hivyo ujue huyu kanda kazigeuza kweli, wala hajasimuliwa.

Kilichonitia kalamu mkononi kiko kwenye dakika ya ishirini na kitu. Anaingiza ridimu ya Stalag (ridimu ni mdundo wa ala ambao waimbaji tofauti huimba juu yake). Kwanza ala tupu, ile ya Ansel Collins iliyorekodiwa kwa mtayarishaji Winston Riley mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haongei. Anaiacha itembee mpaka unaanza kudhani kasahau kuweka mwimbaji. Ndipo anampandisha Sister Nancy na "Bam Bam" ya 1982, na kabla hujakaa sawa kaja Tenor Saw na "Ring the Alarm" ya 1985. Kati ya ala ile na Tenor Saw kuna zaidi ya miaka kumi, lakini besi ni ileile, inatembea vilevile, kama mlango mmoja wanaopita watu tofauti.

Halafu, kabla ya Tenor Saw kurudia kiitikio, anakata kila kitu. Besi inatoka, ngoma zinatoka, kinabaki kipande cha sauti kikizunguka kwenye mwangwi na kufifia. Sekunde nne, nimehesabu. Kisha besi inarudi kwa kishindo. Nimeirudisha nyuma mara tatu palepale.

Sasa fikirini ni nani anayefanya hivyo. Mtu wa redio! Kitu cha kwanza mtangazaji kufundishwa ni kuogopa kimya. Redio ikinyamaza sekunde nne msikilizaji anadhani mitambo imekufa, anahamia kwingine. Huyu mzee kaishi na hofu hiyo maisha yake yote ya kazi, na leo anakunyamazia makusudi. Mimi naamini mikstepu yote imejengwa juu ya jambo hilo: lini aseme, lini anyamaze, na lini aiachie besi iseme kwa niaba yake.

Nashuka taratibu. Wenye maswali karibuni.

#2

Naweka kambi hapa.

#3

Mkuu, kwa heshima zote, dancehall na dub wapi na wapi? Dub ni ya kuzima taa na kutafakari. Dancehall ni jasho na kelele. Kuziweka kwenye mkanda mmoja ni kuchanganya mchele na changarawe. Naona mzee alikuwa na vitu viwili kabatini akaamua kuvimaliza vyote kwa mpigo.

#4 (mwanzisha uzi)

Mkuu #3, nilijua hili litakuja, na nafurahi limekuja mapema.

Hizo mbili ni pande mbili za sahani moja, na hapa sitii chumvi. Chukua santuri ndogo ya Kingston ya miaka ya 1970. Upande wa kwanza kuna wimbo na mwimbaji wake. Geuza: upande wa pili kuna ala zilezile, sauti ya mwimbaji imetolewa au imebaki vipande vipande. Upande huo Wajamaika waliuita "version".

Ulianzaje? Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Ruddy Redwood, mwenye saundi (mitambo ya kupigia muziki dansini) ya Spanish Town, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alienda studio ya Treasure Isle, ya mtayarishaji Duke Reid, kukatiwa sahani ya wimbo wa kundi la The Paragons. Fundi mitambo, Byron Smith, akakata sahani bila kuweka sauti za waimbaji. Redwood hakuirudisha. Akaenda nayo dansini, akapiga kwanza wimbo wenyewe, kisha ile tupu. Ukumbi mzima ukaimba badala ya waimbaji.

Kosa la fundi likawa biashara. Mwanzoni version zilikuwa ala tu. Kisha King Tubby akaanza kuzivunjavunja. Huyu, Osbourne Ruddock kwa jina lake, alikuwa fundi wa umeme na redio, anajua saketi kuliko alivyojua piano. Chumba chake kilikuwa Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, na mashine yake ya kuchanganyia sauti. Akishusha gitaa, akipandisha besi, akirusha neno moja la mwimbaji kwenye mwangwi na kuliacha lipotee. Pale hakuna mpigaji ala aliyeongezwa. Ala yake ni vidole vyake na yale aliyoamua kuyaondoa.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Alikuwa akiyafanya hayo kwa ajili ya nani? Alikuwa na saundi yake, Home Town Hi-Fi, na kwenye maiki alisimama U-Roy. Nafasi ile iliyoachwa wazi kwenye version ndiyo aliyoingia U-Roy na kughani. Mwaka 1970 U-Roy akarekodi kwa Duke Reid, juu ya ridimu za zamani za Treasure Isle, na vibao vyake vitatu vikakaa juu kabisa ya chati za Jamaica kwa wakati mmoja. Wale waghani waliokuja kutawala dancehall miaka ya 1980 ni wajukuu wa jambo hilo.

Kwa hiyo dub ni nyumba iliyoachwa mlango wazi, na mghani wa dancehall ndiye aliyeingia. Mzee wetu kawarudisha nyumbani tu.

#5

Nyongeza kidogo kwa wanaochanganyikiwa na majina. Jamaika ukisema "deejay" humaanishi anayepiga santuri. Deejay ni huyo mghani, U-Roy, Yellowman, Shabba Ranks. Anayechagua na kupiga sahani anaitwa selekta. Kwa hiyo mtu wa redio kwetu ni DJ, lakini kwa lugha ya Kingston kazi anayofanya kwenye mikstepu ni ya uselekta. Niliwahi kubishana na mtu nusu saa nzima, kumbe kila mmoja anazungumzia mtu tofauti.

#6

Mimi nina neno na hawa wakongwe wa redio. Wanaongea mno. Unasubiri wimbo, anakupa historia ya ndoa ya mpiga tarumbeta. Mikstepu nzuri ni ile ambayo DJ humsikii kabisa. Nikitaka maneno nitasikiliza taarifa ya habari.

#7 (mwanzisha uzi)

Mkuu #6, nakubaliana nawe kwa nusu, na nusu nyingine nakupinga hadharani.

Kuna kuongea kwa aina mbili. Kuna yule anayempandia mwimbaji kichwani, mwimbaji keshafungua mdomo naye bado anasalimia watu. Huyo sina utetezi naye. Lakini mtu aliyepikwa redioni ana ufundi ambao selekta wa klabu wengi hawana: anajua utangulizi wa wimbo una sekunde ngapi kabla ya neno la kwanza la mwimbaji, na sentensi yake inatua mlangoni pale, haizidi. Alijifunza hivyo kwa sababu saa kamili taarifa ya habari inaingia, na habari haimsubiri mtu. Miaka ya kuhesabu sekunde hivyo inakaa mwilini.

Sikilizeni dakika za mwanzo za mkanda huu. Anaanza na besi peke yake, anasema sentensi mbili, jina la ridimu na jina la studio. Neno la mwisho linadondoka juu ya pigo la kwanza la ngoma. Basi. Harudi tena kusema kwa karibu robo saa.

Na kwenye dub anaongea zaidi kuliko kwenye nyimbo. Mwanzoni niliona vibaya, nikakumbuka niliyoandika hapo #4: version iliachwa wazi *kwa ajili ya mdomo*. Anaongea pale ambapo muziki wenyewe umemtengea kiti. Ukimkataza asiongee juu ya version, umemkataza U-Roy.

#8

Hapa lazima tumtaje Mikey Dread, la sivyo uzi haujakamilika.

Michael Campbell, mzaliwa wa Port Antonio, alikuwa mtu wa mitambo kabla ya kuwa mtangazaji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 akapewa saa za usiku wa manane kwenye redio ya taifa ya Jamaika, JBC, kipindi kikaitwa Dread at the Controls. Hebu fikirieni: redio za Jamaika wakati huo zilijaa muziki wa kutoka nje, na rege ya mitaani ilikuwa inasikika dansini zaidi kuliko hewani. Yeye akapiga ya nyumbani tupu, usiku kucha, na katikati anatia vionjo alivyojitengenezea: kengele, milio ya ajabu, sauti zilizozamishwa kwenye mwangwi. Watu waliokuwa wakilala saa nne wakaanza kukesha.

Mwaka 1979 akatoa albamu ya dub, African Anthem, iliyopangwa kama kipindi chenyewe, vionjo na yote. Mwaka uliofuata akawa ziarani na The Clash, bendi ya punk ya Uingereza, na akawatengenezea "Bankrobber". Ukiniuliza mimi, baba wa hizi mikstepu za watu wa redio ni ile albamu. Huyu mzee wako #1, bila shaka aliisikiliza mpaka kanda ikachoka.

#9 (mwanzisha uzi)

Mkuu #8 umeninyang'anya tonge mdomoni, nilikuwa nakuja huko. Na ndiyo, vionjo vimo. Kuna kengele moja inarudi mara tano hivi, kila anapobadilisha zama. Mara ya kwanza niliona kama pambo. Mara ya pili nikagundua ni alama ya kurasa.

Upande wa London naye David Rodigan hana budi kutajwa. Aliingia BBC Radio London mwaka 1978, mwaka uliofuata akahamia redio ya Capital, na huko akakaa mpaka 1990 alipokwenda Kiss FM. Kabla ya hapo alisomea uigizaji, na ukimsikia anavyotambulisha sahani unajua. Lakini kilichompa heshima hata kwa Wajamaika ni kwamba hakubaki nyuma ya kioo cha studio. Miaka ya 1980 alipambana sahani kwa sahani na Barry G, mtangazaji kipenzi wa JBC, na baadaye akaingia ulingoni na saundi kubwa za Jamaika, silaha yake ikiwa sahani maalum: msanii anaimba upya kibao chake na kulitaja jina lako ndani. Mwaka 2010 alipochanganya FABRICLIVE 54, mikstepu ya klabu ya Fabric ya London, vijana waliokuja kwa ajili ya dubstep, muziki wa kompyuta wenye besi nzito, wakakutana na babu ya muziki wao.

Hao wawili ni shule mbili. Mikey Dread anakuweka ndani ya mitambo. Rodigan anakuweka mbele ya umati hata ukiwa peke yako chumbani. Mkanda huu uko karibu na Mikey Dread nusu ya kwanza, kisha unaelekea kwa Rodigan.

#10

Sawa mmenivuta kidogo (mimi ni #3). Lakini nina swali ambalo naona mnalikwepa. Mwaka 1985 ikaja ridimu ya Sleng Teng, kinanda cha plastiki, bendi zikafukuzwa studio. Dub ilikuwa ni kupunguza vitu. Sasa ridimu ya kompyuta ina vitu vitatu tu, utapunguza nini? Naona hapo ndipo undugu ulipokatika, na mikstepu yoyote inayojifanya haukukatika inadanganya.

#11 (mwanzisha uzi)

Hili ndilo swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na hapa mkanda wenyewe unayumba. Nitasema ukweli.

Kwanza Sleng Teng. Kinanda ni Casio MT-40, cha nyumbani kabisa. Ndani yake kulikuwa na mdundo uliowekwa kiwandani kwa jina la rock, umetungwa na Okuda Hiroko, mwanamuziki aliyeajiriwa Casio na aliyependa rege tangu chuoni. Noel Davey na Wayne Smith wakaupata wakichezea vitufe, wakaupeleka kwa Prince Jammy, naye akaupunguza mwendo. Februari 1985 Jammy akaupiga kwenye pambano na saundi ya Black Scorpio, na baada ya hapo kila mwenye studio alitaka wake.

Lakini mkuu, Jammy ni nani? Ni mwanafunzi wa King Tubby. Alikaa kwenye kile kiti cha Dromilly Avenue akichanganya dub za watu. Na Tubby mwenyewe mwaka huohuo wa 1985, kwenye lebo yake ya Firehouse, akatoa "Tempo" ya Anthony Red Rose, dancehall ya kompyuta, nzito, yenye nafasi ndani yake kama dub. Hakulia na zama. Alikuwa bado yuko kazini alipouawa kwa risasi Februari 1989, mlangoni kwake.

Mzee wetu analijua hilo, kwa sababu kwenye mkanda "Tempo" ndiyo daraja. Kabla yake ametoka dub ya bendi, ngoma za ngozi, gitaa, kila kitu. Anairusha sauti ya mwisho kwenye mwangwi, mwangwi unarefuka, na chini yake unaanza kusikia mapigo ya "Tempo" yakija kutoka mbali. Hapo hakuna neno. Nywele zilinisimama.

Anapoyumba ni baada ya hapo. Dakika ya 50 mpaka ya 65 hivi, anapanga ridimu za kompyuta moja baada ya nyingine, kila moja kipande cha nusu dakika, kama mtu anayeharakisha kumaliza orodha. Hakuna dub hata moja. Hapo namwona mtu wa redio mwenye saa ukutani. Swali lako #10 limemkalia shingoni naye kalikimbia. Alikuwa na jibu: baada ya 1985 dub ilihama makazi. Uingereza Jah Shaka alikuwa akiipiga usiku kucha kwa mashine moja tu ya kupigia sahani na spika za kutikisa kifua, Mad Professor akichanganya kwenye studio yake ya Ariwa, Adrian Sherwood akiivuruga kwa lebo yake ya On-U Sound. Angeweza kuleta hata kimoja cha hao katikati ya ile foleni. Hakuleta. Mpaka dakika ya 70 ndipo mlango unafunguka tena.

#12

Mimi nimeisikiliza jana na sijaona hiyo besi mnayoisifia. Naona mapengo tu. Wimbo unaanza, unakatika, kimya, unarudi. Nilidhani faili limeharibika.

#13

#12, umesikilizia nini? Spika ya simu?

#14

Ndiyo.

#15 (mwanzisha uzi)

Mkuu #12, pole, lakini basi hujaisikiliza. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini, ni ndogo mno. Kwenye muziki mwingine unapoteza unene tu. Kwenye dub unapoteza wimbo wenyewe, kwa sababu besi ndiyo inayoimba, hao wengine wanaitikia. Unayaona mapengo kwa sababu yule anayeongea pengoni umemwacha nje.

Tafuta hata visikizio vya kawaida vya masikioni. Usipandishe sauti sana mwanzoni. Kisha sikiliza sehemu moja tu, ile ya Stalag, ukiifuata besi peke yake kama unavyomfuata mtu mmoja kwenye umati. Wengine wote waache wapite.

#16

Swali jepesi. Je, kwenye mkanda anarudisha sahani? Ile ya kusimamisha wimbo katikati na kuanza upya. Mimi hiyo ndiyo inanipa raha kuliko yote.

#17 (mwanzisha uzi)

Anarudisha mara mbili, na zote mbili namlaumu.

Kurudisha sahani kuna sababu yake. Dansini watu wanapiga makelele, wanagonga ukuta, wanapuliza filimbi, selekta hana ujanja: ukumbi umeidai, anairudisha. Ni mazungumzo kati ya watu wawili. Sasa kwenye mkanda uliorekodiwa chumbani, nani kaidai? Anajirudishia mwenyewe. Ni kama mtu anayejipigia makofi. Redioni angalau kulikuwa na simu za wasikilizaji zikilia, hapa hakuna hata simu. Angeacha wimbo uende, anayeipenda ataitafuta tena mwenyewe.

#18

Nimerudi, ni #12. Nimeazima visikizio vya dada yangu. Mkuu, samahani kwa maneno ya jana. Pale besi inapotoka nilishika meza. Na inaporudi nilicheka peke yangu, dada akaja kuuliza kuna nini.

#19

Mkuu mwanzisha uzi, ngoja nikuulize kitu kuhusu hiyo #17 yako. Unasema mkanda hauna umati wa kudai sahani irudishwe. Nimepanda juu nikasoma #1 upya. Umeandika kwa mkono wako: "Nimeirudisha nyuma mara tatu palepale." Sasa nani alikuwa anadai?

#20 (mwanzisha uzi)

...

#21

Hahaha. Kimya cha sekunde nne.

#22 (mwanzisha uzi)

Umeniweza mkuu #19. Naifuta #17, isipokuwa ile ya pili, ya dakika ya 81, hiyo bado kaikosea. Kairudisha mwimbaji akiwa katikati ya neno.